Bao la Ishirini na Tisa

Jumatatu, 2 Machi

Kiti nilichopewa kina miguu mitatu na nusu. Huo wa nne umekatika chini, nimeuwekea kipande cha mbao. Meza yangu iko nyuma ya pazia jeusi, hatua kumi na moja kutoka kwenye viti vya ngozi wanavyokalia mastaa. Nimezipima leo asubuhi studio ikiwa tupu.

Kipindi chenyewe kinaitwa Uwanja wa Maswali. Jumamosi kumi mfululizo, saa kumi alasiri, moja kwa moja hewani. Timu ni mbili, za wanamichezo waliostaafu. Njano inaongozwa na Nahodha, mshambuliaji wa zamani, yule ambaye nchi nzima inamjua kwa mabao ishirini na tisa ya msimu mmoja. Buluu inaongozwa na Mwanariadha, mama wa mbio ndefu, mpole, asiyecheka ovyo. Pointi zinajumlishwa hadi Jumamosi ya kumi.

Maswali natunga mimi na kuyahakiki mimi. Kila swali lina kadi yake, na kila kadi ina vyanzo viwili na sahihi yangu. Mezani nina vitufe viwili: cha kijani, jibu ni sawa, chekundu, ni kosa. Pembeni kuna kengele ya marekebisho, ambayo Mtayarishaji ameniambia niichukulie kama pambo.

"Msomi aliyetuhakikia maswali msimu uliopita alikosea swali moja," akaniambia. "Moja tu. Unajua sasa yuko wapi?"

Yuko wapi sijui. Ninachojua ni kwamba mimi ndiye niliyepiga simu kulitaja kosa lake, na ndivyo nilivyopata kazi hii. Nikimaliza msimu bila kosa, napata mkataba wa kudumu, na jina langu linapita kwenye skrini mwishoni mwa kipindi. Nikikosea, mlango ndio ule.

Jumamosi, 7 Machi

Maswali arobaini. Makosa sifuri. Njano 18, Buluu 16. Mvua imeanza.

Jumapili, 8 Machi

Dada yangu, ambaye ni fundi cherehani na ndiye ninayekaa naye, ameniuliza mbona nazunguka sebuleni kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nimemwambia nafikiria.

"Hufikirii wewe. Unahesabu. Ukienda peponi utawahesabu malaika kwanza ndipo usalimie."

Acha aseme. Darasani niliishia la nane. Ninachokijua nilikipata kwenye redio na gazeti la kufungia vitumbua. Nilianza kuandika matokeo ya ligi nikiwa na miaka kumi na moja, nikiwa na penseli moja inayokatwa mara mbili. Nina madaftari thelathini na manne. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa, karani mmoja wa Shirikisho la soka aliazima sita kwangu, akasema anataka "kulinganisha". Mwaka uliofuata kikatoka Kitabu cha Kumbukumbu za Ligi, jalada gumu, dibaji ya mwenyekiti, shukrani kwa watu ishirini na wawili. Mimi simo. Madaftari yalirudi na doa la chai.

Jumamosi, 14 Machi

Makosa sifuri. Paa la studio ni la bati, mvua ikipiga fundi sauti anashika kichwa.

Jumamosi, 21 Machi

Leo nimedhalilishwa mbele ya watu milioni na kitu.

Swali lilikuwa rahisi: katika fainali fulani, mchezaji wa akiba aliingia dakika ya ngapi? Nahodha alijibu sitini na tano. Kadi ilisema sitini na saba. Nikabonyeza chekundu. Badala ya kukubali kama mwanamume, akaegemea kiti, akanyoosha kidole kwenye pazia langu.

"Huyo aliyejificha huko nyuma, namheshimu sana. Lakini mniulizie: amewahi hata kuupiga mpira ukaenda mbele?"

Ukumbi mzima ukacheka. Mtangazaji akacheka mpaka akaangusha kadi zangu. Nahodha akaongeza: "Namtania tu Dada Hesabu! Bila yeye tungekuwa tunabishana mpaka Krismasi."

Sasa mpaka mlinzi wa getini ananiita Dada Hesabu. Mwanariadha peke yake hakucheka. Yule mama ana adabu. Ukimuuliza rekodi yake anakutajia mpaka sehemu ya kumi ya sekunde, na huwa ni kweli.

Jumatatu, 23 Machi

Nimelifungua daftari la saba.

Kuna jambo nalijua tangu nikiwa na miaka kumi na tatu, na sikuwahi kuwa na mtu wa kumwambia. Hakufunga ishirini na tisa. Nimeyahesabu leo tena, mechi kwa mechi, kidole juu ya mstari. Ni ishirini na nane. Nimefungua Kitabu cha Kumbukumbu, nimehesabu wafungaji wa msimu ule: ishirini na nane. Magazeti yalimwongezea moja ili habari inoge, na yeye akalivaa kama joho. Miaka thelathini na sita analila bao ambalo hakulifunga.

Nimeandika kadi. Chanzo cha kwanza, Kitabu cha Kumbukumbu. Chanzo cha pili, kumbukumbu binafsi za mhakiki. Nimetia sahihi. Nimeiweka kwenye droo, chini kabisa.

Jumamosi, 28 Machi

Sifuri.

Jumamosi, 4 Aprili

Sifuri. Mbao ya kiti imeteleza wakati wa swali la ndondi, nikabonyeza kitufe nikiwa nimechuchumaa.

Jumamosi, 11 Aprili

Umeme ulikatika dakika kumi na nne. Jenereta ikagoma. Watu mia mbili kwenye giza, mvua juu, watoto wameanza kulia. Nahodha akasimama, akaanza kuwasimulia mabao yake bila kipaza sauti, moja baada ya jingine, nani alitoa pasi, beki gani alilala chini, upepo ulitoka wapi. Watu wakatulia kama darasa la kwanza.

Nilikuwa nayafuatisha kichwani na daftari langu. Yote aliyoyataja yalikuwa sawa mpaka dakika. Nilikasirika zaidi. Mwongo mzuri ni yule anayeukariri ukweli ili uongo wake upate pa kukaa.

Jumanne, 14 Aprili

Siku ya tatu mvua haijakata. Dada kashona nguo tatu, mimi sijafanya lolote la maana. Nimeifungua droo mara nne.

Jumamosi, 18 Aprili

Sifuri. Jumla maswali 280. Saba zimekwisha, zimebaki tatu.

Jumamosi, 25 Aprili

Njano 143, Buluu 141. Mtayarishaji anasugua viganja. Anataka Jumamosi ijayo kila nahodha aulizwe swali zito linalomhusu yeye mwenyewe: ukipata unaongezewa pointi tatu, ukikosa unapokonywa tatu.

"Una kitu cha kumtikisa mzee?" akaniuliza.

Nikampa kadi. Akaisoma, akapiga mluzi.

"Una hakika?"

"Vyanzo viwili."

"Nchi nzima inajua ishirini na tisa."

"Nchi nzima haikuandika."

Akaitia mfukoni kama mtu aliyeokota almasi.

Jumamosi, 2 Mei

Mwanariadha aliulizwa muda wa mbio zake za mwisho, akautaja, nikampa kijani. Kisha Mtangazaji akamgeukia Nahodha, akashusha sauti.

"Nahodha, katika msimu wako mkubwa ulifunga mabao mangapi ya ligi?"

Ukumbi ukamjibia. Ishirini na tisa! Walisimama wakaimba. Yeye akawainulia mkono, anacheka, akasema taratibu kama anayetaja umri wa mwanawe: "Ishirini na tisa."

Kidole changu kilikuwa tayari juu ya chekundu. Nilibonyeza.

Wimbo ukakatika katikati. Mtangazaji akasoma kadi: ishirini na nane, kwa mujibu wa Kitabu cha Kumbukumbu za Ligi. Mtu mmoja nyuma akapiga mayowe, mwingine akacheka, kisha wengi wakacheka. Nilichungulia pazia. Nilitaka kuona anavyokasirika. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, nilikuwa na majibu matano.

Hakukasirika. Alivitazama vidole vyake, akaanza kuvikunja kimoja kimoja, midomo inacheza. Alikuwa anahesabu. Alifika mahali akakwama, akarudi mwanzo. Mtangazaji akaendelea na swali lingine na mzee bado anakunja vidole.

Njano 158, Buluu 163. Makosa sifuri.

Jumapili, 3 Mei

Magazeti yote. Mchoro mmoja umemwonyesha amebeba mpira wenye tundu. Sokoni vijana wanaitana Ishirini na Nane. Mtayarishaji kanipigia kusema watazamaji hawajawahi kuwa wengi hivi, na mkataba wangu unachapwa.

Dada alishona mpaka mchana. Kisha akasema, uzi mdomoni: "Nilikuwa na picha yake ukutani nikiwa msichana. Umefurahi?"

"Nimesema kweli."

"Sijauliza hivyo."

Nimeshindwa kukaa. Nimetoka, nimelowa, nimerudi.

Jumanne, 5 Mei

Mlinzi alinipigia kutoka getini: kuna mzee anataka kumwona aliyeandika lile swali, na haondoki.

Nilimkuta amesimama chini ya bati la kibanda. Mikono imejaa makovu ya cheche. Ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza mageti. Hakunisalimia.

"Wewe ndiye uliyesema ni ishirini na nane?"

"Ndimi."

"Basi umenikosea, mama. La ishirini na tisa nilifungwa mimi, kipa."

Nikamwambia kwa upole kwamba mechi zote tunazo. Akataja mechi. Nikamjibu palepale bila daftari: sare, moja kwa moja, mvua kubwa.

"Mvua ilitutoa uwanjani dakika ya sabini na moja," akasema. "Moja kwa moja, ndiyo. Redio ikafunga matangazo, watu wakaenda zao. Kesho yake saa mbili asubuhi tukarudishwa kumalizia dakika kumi na tisa. Milango imefungwa, hakuna redio, hakuna shabiki. Tuliokuwemo ni sisi wachezaji, waamuzi, na mbwa wa mlinzi. Dakika ya themanini na nane yule bwana akauchukua mpira katikati ya dimbwi, akaninyanyulia juu ya kichwa. Wa kulia. Ulipita hapa." Akashika hewa, kiganja kimoja juu ya sikio lake.

"Mzee wangu, ni miaka mingi. Huenda..."

"Niambie wewe mwenye hesabu. Nani duniani atapanda gari mbili kwenye mvua aje adanganye kwamba alifungwa?"

Nilimwambia nitaangalia. Akaniambia: "Angalia. Miaka yote hii watoto wangu nawaambia nilifungwa na mtu. Sasa wananicheka kwamba hata bao la kufungwa nimelitunga."

Jumatano, 6 Mei

Nimeangalia.

Daftari la saba: 1–1, na kando nimeandika "mvua" kwa mwandiko wa mtoto. Gazeti la siku ile nililihifadhi. Linazungumzia mafuriko tu. Kitabu cha Kumbukumbu: 1–1. Vyanzo viwili.

Kisha nikafungua ukurasa wa mwisho wa Kitabu, penye msimamo wa ligi. Huo ulitoka ofisi ya ligi yenyewe, haukutoka kwenye orodha ya mechi. Klabu ya Nahodha imefunga bao moja zaidi kuliko ukijumlisha mechi zao. Kipa yule, klabu yake imefungwa moja zaidi. Pointi moja juu kwa hawa, moja chini kwa wale, maana enzi zile ushindi ulikuwa pointi mbili. Kila kitu kinakaa sawa ukiweka 2–1. Na pembeni ya ukurasa huo kuna mwandiko wangu mwenyewe, kalamu nyekundu, wa miaka mingi iliyopita: "Shirikisho hawajui kujumlisha."

Niliketi sakafuni. Orodha ya mechi kwenye Kitabu ni madaftari yangu, hili la saba likiwemo. Hilo ndilo nililolalamikia maisha yangu yote, kwa kila mtu aliyekubali kunisikiliza. Waliyanakili neno kwa neno bila kunitaja. Na mimi nikachukua Kitabu, nikakiweka kando ya daftari, nikasema tazama, wawili wanakubaliana. Nilikuwa nimemuuliza mtoto wa miaka kumi na tatu, kisha nikamgeuza nikamuuliza tena.

Alhamisi, 7 Mei

Siku ya mazoezi. Mwanariadha alikuja nyuma ya pazia, mara ya kwanza msimu huu. Alibaki wima, maana kiti ni kimoja.

"Nahodha hatakuja leo. Na Jumamosi sijui."

"Amekasirika?"

"Afadhali angekasirika. Ananipigia simu ananiuliza mimi, niliyekuwa nakimbia tu, kama nakumbuka mabao yake. Binti yake amemnyang'anya funguo za gari. Wanasema ni ile mipira aliyopiga kichwa, akili imeanza kuvuja. Wiki ijayo wanampeleka kupigwa picha ya kichwa. Sasa hata chumvi akiweka mara mbili wanatazamana." Akashika ukingo wa pazia. "Wewe ulikuwa na haki ya kuuliza. Sikulaumu. Ila nilitaka ujue."

Yule mama nilimpenda kwa sababu ya sehemu za kumi za sekunde. Leo sikuweza kumtazama usoni.

Nikaenda kwa Mtayarishaji. Nikamweleza yote, na ukurasa nikamwonyesha. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka akafunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Kipa."

"Mchomelea mageti." Akakalia ukingo wa meza. "Sikiliza, Mama Kadi. Mkataba umechapwa. Jina lako fundi wa michoro ameshaliweka kwenye orodha ya Jumamosi. Tukisema tumekosea, kila aliyeshindwa tangu Machi atakuja na babu yake shahidi. Msimu ujao tutamwita mzee, tutampa tuzo ya heshima, atasahau."

"Ndicho wanachomtuhumu sasa. Kusahau."

"Hilo ni la familia yake. Wewe una kosa sifuri. Libebe hivyohivyo ulipeleke nyumbani."

Ijumaa, 8 Mei

Nimemweleza Dada. Alisimamisha cherehani.

"Msomi yule uliyepiga simu kumsema, kosa lake lilikuwa kubwa kuliko hili?"

"Dogo. Mwaka mmoja wa Olimpiki."

Akaendelea kushona. Nimetembea kutoka dirishani hadi mlangoni mara sitini na mbili.

Jumamosi, 9 Mei

Alikuja. Binti yake alimleta, amemshika kiwiko kama mtu anayevushwa barabara. Shati la njano limepigwa pasi vizuri. Alipopita karibu na pazia alisimama.

"Dada Hesabu, upo?"

"Nipo, Nahodha."

"Nilikosea kusema hujawahi kupiga mpira. Wewe umenipiga chenga mwenyewe." Akacheka kidogo. "Sijui lile moja nililitoa wapi. Nakumbuka mpaka maji ya dimbwi yalivyoingia kiatuni. Lakini nikiangalia majukwaani sioni mtu hata mmoja. Bao gani hilo lisilo na watu? Nadhani niliota."

Binti akamwambia, "Twende baba, wanakusubiri."

Taa zikawaka. Mtangazaji akakaribisha nchi, akasoma pointi: Njano 158, Buluu 163. Akainua kadi ya kwanza.

Nikapiga kengele.

Ni kengele ndogo, ila haijawahi kulia, na kila mtu akageuka. Kwenye kisikilizi cha sikioni nikamsikia Mtayarishaji: "Nini hicho? Toa mkono hapo!" Nikakivua. Nikachukua daftari la saba na Kitabu, nikafungua pazia. Hatua kumi na moja. Sijui kamera ilikuwa wapi, nilimtazama yeye.

Nikasema swali la Jumamosi iliyopita lilikuwa na jibu lisilo sahihi. Nikataja mechi, dakika ya sabini na moja, mvua, kesho yake saa mbili asubuhi. Nikasema milango ilikuwa imefungwa, ndiyo maana majukwaani hakukuwa na mtu. Nikasema kipa aliyefungwa yupo hai na amekuja mwenyewe kushuhudia. Nikasema aliyeandika vibaya ni mimi, nikiwa na miaka kumi na tatu, na aliyekuwa na kiburi cha kutouliza ni mimi wa juzi. Mabao ni ishirini na tisa. Rudisheni pointi tatu mlizopokonya na muongeze tatu alizostahili. Njano 164, Buluu 163.

Watu walipiga kelele, lakini mimi nilikuwa namwangalia binti yake, mstari wa mbele. Aliinama akafungua mkoba. Alitafuta muda mrefu. Nilidhani ni leso. Akatoa funguo, akazikamata tu mapajani, hajui azifanyie nini.

Nahodha hakusimama. Alifuta uso kwa mkono wa shati la njano, akaniuliza, kipaza sauti kikiwa wazi: "Kwa hiyo dimbwi lilikuwepo?"

"Lilikuwepo."

"Nilikuwa nimeshakubali kwamba halikuwepo."

Kipindi kikaendelea. Maswali yangu mengine yote yalikuwa sawa. Buluu walishinda 181 kwa 179, pointi mbili za halali. Mwishoni majina yakapita, na langu likapita, kwa sababu fundi wa michoro hakuna aliyemwambia alitoe. Sekunde tatu. Dada anasema aliliona. Anasema pia aliniona nikitembea, na kwamba sketi yangu ilihitaji pindo.

Jumatatu, 11 Mei

Nimerudisha kitambulisho. Mtayarishaji hakunitazama. Aliandika: "Kosa moja." Nikamwambia ni mawili, maana swali lilikuwa la pili na kiburi la kwanza, lakini alikuwa ameshainua simu.

Jumatano, 20 Mei

Mvua imekata. Sina kazi. Nimepitia madaftari yote: mechi mia mbili na kumi na mbili zina chanzo kimoja, yaani mimi. Kila moja nimeitilia alama ya kuuliza.

Leo nilienda kwa Nahodha kuanza na zake. Anaendesha gari tena. Alinifuata kituoni mwenyewe, vibaya kabisa, ila nadhani ndivyo alivyokuwa anaendesha zamani. Tulikaa barazani na daftari jipya. Bao la kwanza, la pili, la tatu, mguu gani, pasi ya nani. Binti akatuletea chai, akaketi kusikiliza. Tulifika la kumi na saba, anatiririka kama bomba. Nikasema: la kumi na nane.

Akakuna shingo.

"Hilo ruka."

"Haturuki, Nahodha."

Akamwangalia binti yake, akaangalia barabara, akaangalia chai.

"Hilo," akasema, "huenda lilimgusa beki kidogo kabla ya kuingia. Kidogo sana. Refa hakuona."

Binti akaziba mdomo. Mzee akaninyooshea kidole, macho yanacheka na kuogopa kwa pamoja. "Dada Hesabu, nakuomba. Usinipigie kengele."

Nilichonga penseli.

"Huyo beki," nikamuuliza, "bado yu hai?"